Saa za Mbao Mbichi

Fundi hakuwa na gari wala baiskeli. Hakuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho kerezo lake la kuzungushia mbao lilikichukua siku aliyoingia kazini na shati la mikono mirefu. Hakuwa na bango mlangoni, maana alisema anayetafuta fundi huuliza, na anayetafuta bango ana shida yake nyingine. Hakuwa na mtoto wa kiume, na watu walimhurumia kwa hilo kuliko kwa kidole. Hakuwa na vyeti. Hakuwa na mkubwa yeyote aliyemjua kwa jina. Hakuwa na ulimi wa kuuzia: mteja akisema bei ni kubwa, yeye alikubali kwamba ni kubwa, kisha akaendelea kupiga msasa. Na katika miaka yote aliyokereza saa za mbao, hakuwa na saa hata moja iliyorudishwa kwa kupasuka. Upungufu huo mmoja ndio aliojivunia.

Saa zake zilikuwa za kutoa zawadi. Mtu akitaka kujua wakati, alinunua saa ya plastiki dukani. Aliyekuja kwa Fundi alikuwa na wa kumshukuru: mwalimu anayestaafu, mkunga, bwana arusi, jirani aliyekesha hospitalini na mgonjwa asiye wake. Alikereza duara la mzeituni, mti ambao moyo wake una michirizi myeusi kama moshi uliosimama, akachimba nyuma nafasi ya mtambo, akafunga mishale, akapaka nta. Alama yake, kijiduara kidogo, aliichoma chini kabisa kwa waya wa moto.

Lakini duara hilo halikumaliziwa siku lilipokatwa. Fundi alilikereza kwanza likiwa nene, akalifukia ndani ya gunia la maranda yake lenyewe, kisha akalisukuma chini ya kitanda. Huko lilikaa mwaka mzima, mvua zikaja zikaenda. Alipolitoa aliligusisha shavuni. Ubao mbichi ni wa baridi shavuni, hata kama macho yanasema umekauka. Ukiwa wa baridi, ulirudi chini ya kitanda.

"Wenzangu wanalala na waume," mkewe alizoea kuwaambia wanawake waliokuja kuchukua mikate yake. "Mimi nimeolewa na msitu."

Walikuwa na binti mmoja. Alisomea utunzaji wa kumbukumbu za ofisi, akarudi nyumbani na cheti, baba yake akakitengenezea fremu nzuri kupita cheti chenyewe. Tangu hapo alikuwa akipeleka barua za maombi huku na huku, na asubuhi akimsaidia mama yake kukanda unga.

"Mkate haumwulizi mtu cheti," mama alimwambia.

"Ndiyo maana unaliwa ukaisha, mama. Cheti changu bado kizima."

*

Jumapili moja alasiri, Shemeji alifika. Alikuwa mdogo wa mke wa Fundi, na ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata mlinzi wake wa getini alikuwa na msaidizi. Mkewe hakushuka garini. Alifunga vioo akabaki humo, kwa sababu ya vumbi.

"Shikamoo, dada. Shemeji, habari za maranda?"

Ndivyo alivyomsalimu Fundi siku zote, na siku zote alicheka peke yake.

Hakukaa. Alisimama akaitazama saa iliyokuwa ukutani, akaigonga kwa ukucha kama anayenunua nazi.

"Hizi ndizo nilizozijia. Tunafungua jengo jipya mwisho wa mwezi. Nimewaambia kila mkurugenzi apewe zawadi ya mkono, si vikombe vya kichina. Wako watano. Nitengenezee sita, moja ya akiba."

"Iliyo tayari ni moja," Fundi alisema.

"Na hizo nyingine ulizolalia?"

"Mbichi. Nimezikereza juzi juzi tu. Zinataka mwaka."

"Mwaka! Shemeji, hata mtoto anakaa tumboni miezi tisa."

"Na akitoka kabla, hatupigi vigelegele."

Dada mtu alicheka, kisha akajutia kicheko chake, maana mdogo wake hakucheka. Shemeji aliivuta suruali yake kidogo magotini, akaketi hatimaye, kwenye ukingo wa kiti, akashusha sauti.

"Nisikilizeni. Masijala yetu inahitaji mtu. Mimi siwezi kusimama pale nikasema mpeni mpwa wangu kazi; kesho nitaandikwa. Na hapo ofisini hakuna anayejua kuwa ni mpwa wangu, wala asijue. Lakini wakubwa wakiwa wameshika kazi nzuri ya mkono wa fundi fulani, kisha nikasema fundi huyo ana binti msomi, neno langu linapata pa kukaa. Mmenielewa?"

Walimwelewa. Binti alikuwa amesimama mlangoni, akichokoa unga uliokauka kwenye kucha zake.

"Ni mbichi," Fundi alisema tena, na safari hii alisema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwa chumbani. "Zitapasuka. Nikizikausha kwa moto, zitapasuka upesi zaidi."

"Zikipasuka, niachie mimi. Saa ikishapanda ukutani, nani atakwenda kuigusisha shavuni?"

Mama alimtazama binti, binti alizitazama kucha. Nje, honi ya gari ilipigwa mara moja, fupi, kama mtu anayekohoa kwa heshima.

"Haya," Fundi akasema.

*

Mkewe alikuwa na tanuri la mkaa uani. Kila mikate ilipotoka, yaliingia maduara. Fundi aliyageuza kwa koleo, akiyatoa, akiyarudisha, akiyapaka nta kwenye kingo ili maji yasitoke kwa fujo. Mzeituni ulitoa harufu tamu iliyoingia kwenye nguo, kwenye mito, hata kwenye mikate. Mwenye duka mmoja akauliza kama siku hizi wanatia manukato.

"Mbona kimya?" mkewe alimwuliza siku ya tatu.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Zinavyolia."

Mke aliinamisha kichwa. Kweli, ndani ya tanuri palikuwa na mlio mdogo, wa kupumua, kama wa mafuta yanayoanza kupata moto. Alitaka kusema kwamba ni mbao tu. Badala yake alisema, "Ni kwa ajili ya mtoto."

"Sijasema ni kwa ajili ya mwingine."

Alizimaliza kwa wakati. Kwa macho zilikuwa nzuri, zenye kung'aa, na mtu asiyejua angeziona zote ndugu wa tumbo moja. Ile kavu aliifunga uzi mwekundu. Zile tano mbichi aliziacha bila alama yake.

Shemeji alipokuja kuzichukua, alizigeuza moja moja.

"Muhuri wako uko wapi kwenye hizi?"

"Hizo zinaweza kwenda bila muhuri."

"Shemeji, kitu kisicho na alama ya fundi ni bidhaa tu, si zawadi. Nimeshawaambia kila saa ina alama. Choma."

Fundi aliutia waya motoni. Alichoma vijiduara vitano, na mkono wake, ambao haukuwahi kutetemeka hata siku ya kidole, ulitulia vilevile. Kisha akaishika ile yenye uzi.

"Hii ni ya mkurugenzi mkuu. Ndiyo kavu. Usiibadilishe."

"Umeshasema."

Shemeji hakuibadilisha kwa ubaya. Njiani mkewe aliigeuzageuza mapajani, akasema michirizi ya hii inafanana na pazia zao, na kwani akiba si kitu cha kukaa nyumbani? Jioni ile ile ilitundikwa sebuleni kwao.

*

Siku ya kufungua jengo Fundi alialikwa. Alivaa koti la marehemu kaka yake, lililomwacha mabega yakicheza, akafika mapema kama walivyozoea watu wa mikono. Msichana mmoja mwenye karatasi za majina alimtazama koti, akamtazama viatu.

"Mzee, wewe ni wa viti?"

"Ni wa saa."

"Saa ngapi?"

Fundi aliona maelezo ni marefu. Akasaidia kupanga viti. Vilipoisha alipata nafasi nyuma, upande wa madereva, karibu na birika la chai ambalo halikufika kwao.

Zawadi zilipotolewa watu walipiga makofi. Mkurugenzi mkuu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliipandisha saa yake juu wapigapicha waione. Shemeji alishika kipaza sauti.

"Kazi hii nimeisimamia mwenyewe," alisema, "kuanzia mti hadi mshale."

Dereva aliyeketi kando ya Fundi alimgusa kwa kiwiko. "Huyu bwana anakereza lini, mzee?"

"Jumapili," Fundi alisema.

Wiki iliyofuata binti aliitwa kazini, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mama alioka mkate mkubwa akawagawia majirani bure, na jambo hilo halikuwa limeonekana mtaani kwa muda mrefu. Hata Fundi alikula vipande viwili. Usoni alikuwa mtu aliyelipwa.

*

Jengo jipya lilikuwa na viyoyozi. Fundi alijua mvua, alijua kiangazi, alijua joto la tanuri. Hakuwahi kuishi, hata siku moja, ndani ya chumba ambacho hewa yake inakamuliwa maji mchana na usiku kama nguo. Alitegemea mbao zake zivumilie hadi mwaka upinduke. Hazikumaliza mwezi wa pili.

Ya kwanza ilikuwa ya mkurugenzi mkuu mwenyewe, mbele ya wageni, katikati ya kikao. Ilitoa mlio kama rula inayopigwa mezani. Mgeni mmoja aliinama. Walipotazama ukutani, ufa ulikuwa umetoka ukingoni kati ya nne na tano hadi katikati, na mishale imebanwa, ukitetemeka papo hapo ule wa sekunde, mahali pamoja, bila kwenda mbele wala nyuma.

Kisha ikafuata ya mkurugenzi wa fedha. Kisha mbili kwa siku moja, na ya tano baada yake. Ofisi nzima ilikuwa na kicheko kipya. Watu wa masijala walisikia habari kwamba fundi wa saa hizo ni baba wa yule mgeni wao, na kufikia Ijumaa alikuwa na jina.

"Ufa, niletee faili la magari."

"Ufa, umefunga mlango vizuri? Tusije tukasikia pa!"

Naye alicheka pamoja nao. Mtu aliye kwenye majaribio huchekea kila kitu. Nyumbani hakusema; Fundi alilijua jina hilo kwa tarishi mmoja aliyenunua mkate, akauliza kwa nia njema kabisa, "Hapa ndipo kwa kina Ufa?"

*

Shemeji hakungoja Jumapili. Alikuja siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana, na dereva wake akashusha boksi akaliweka mlangoni. Ndani zilikuwamo zote tano, zimefungwa magazeti. Binti naye alikuwa amekuja naye garini, alikuwa ameamriwa. Alipita kando ya boksi bila kulitazama.

"Nimeaibishwa," Shemeji alisema. Hakusalimia maranda. "Mimi! Mbele ya wageni!"

"Nilikwambia ni mbichi," Fundi alisema.

"Ulisema, ulisema. Basi nieleze kitu kimoja. Mbona yangu nzima?"

"Yako ipi?"

Shemeji alikuwa ameshaanza sentensi nyingine. Alirudi nyuma. "Ile ya... ile iliyo sebuleni kwangu."

"Yenye uzi?"

"Uzi, kamba, sijui. Ninachosema, ile haina hata mkwaruzo. Na kwangu viyoyozi vipo vilevile. Kwa hiyo kutengeneza saa isiyopasuka unajua. Hizi nyingine uliamua."

Mama wa nyumba aliweka mkono mdomoni. Fundi aliliangalia boksi, kisha akamwangalia shemeji yake kwa muda, kama anavyoangaliwa ubao ambao umeshakatwa vibaya na haurudi.

"Mkurugenzi mkuu anataka maelezo," Shemeji aliendelea, sasa kwa upole. "Nimemwambia nilidanganywa na fundi. Unataka nimwambie nini? Kwamba niliambiwa ni mbichi, nikapeleka? Nitamwaga unga wangu na wenu. Andika barua. Ukiri kwamba uliniambia mbao ni kavu. Kwamba ulikuwa na tamaa ya kazi ya haraka. Omba radhi. Majaribio ya mtoto yanaisha mwezi huu, na karatasi ya kumthibitisha iko mezani kwangu, inangoja tu mkuu apoe."

"Na nisipoandika?"

"Mimi sijasema lolote kuhusu usipoandika."

"Hata mimi nilikuwepo," mama alisema polepole. "Siku ile. Nilisikia."

"Dada." Shemeji alimgeukia. "Ulisikia. Haya, nenda ukaseme. Na mkate wa mpwa wangu nani ataukanda, wewe?" Kisha akatazama saa yake ya mkononi, akasema anangojwa, akaongeza akiwa mlangoni kwamba barua iwe ya mkono wa Fundi mwenyewe, isiwe ya mtoto, maana mwandiko wa mtoto wanaujua.

Gari lilipoondoka, binti alikuwa wa kwanza kusema.

"Baba, usiandike. Nitarudi kwenye unga."

"Unga gani?" mama akadakia. "Huu ulionipinda mgongo? Mimi mwenyewe natafuta wa kunitoa, wewe unaomba kuingia?"

"Mama, hiyo barua itasomwa na kila mtu. Itapita kwetu masijala. Nitaipokea mimi, nitaigonga muhuri mimi, nitaifungulia faili mimi! Na kesho nani atakuja hapa kumnunulia mtu zawadi?"

"Watu wanasahau."

"Hawasahau. Wameshanipa jina."

Fundi aliinua mkono wenye vidole vinne, wakanyamaza.

"Wewe," alimwambia binti, "kazi yenyewe unaipenda?"

Binti alikuwa tayari kusema hapana. Aliufungua mdomo kwa ajili hiyo. Lakini hakuwa amezoea kumdanganya baba yake, na baba alikuwa akimtazama.

"Nilikuta faili zimerundikwa sakafuni," alisema. "Miaka na miaka. Mtu akitaka yake, anaambiwa njoo kesho. Nimezipanga zote, baba. Mzee mmoja alikuja kutafuta karatasi zake za pensheni, nikaziona papo hapo, zikiwa mahali nilipoziweka. Akanishika mkono." Akafuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Ndiyo. Naipenda."

Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu. Raha aliyokuwa akielezwa aliijua; alikuwa ameishi nayo maisha yake yote.

"Nendeni mkale," alisema.

*

Aliandikia juu ya meza ya mikate, baada ya mkewe kuifuta. Mwandiko wake ulikuwa wa kulala kulia, wenye herufi zilizoshikana mikono, kama walivyofundishwa zamani. Tarehe aliiandika. Anwani aliiandika. Aliandika, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu. Aliandika kuwa ndiye aliyekereza saa sita za mzeituni. Kisha kalamu ikasimama.

Mkewe alikuwa nyuma yake, akipanga mikate kapuni, mikate iliyokwisha kupangwa.

"Wewe ulikuwepo siku ile," Fundi alisema bila kugeuka.

"Nilikuwepo."

"Ulinisikia nikimwambia nini?"

"Mume wangu, tumeshayaongea haya."

"Nataka nisikie kwa mtu mmoja. Mmoja tu. Nilisema nini?"

Mkewe aliuweka mkate. "Ulisema ni mbichi," alisema. "Ulisema mara mbili."

"Basi."

Akainama, akaandika: nami nilimhakikishia kwamba mbao zote zilikuwa kavu. Neno *kavu* alilikoleza, kwa sababu wino ulikuwa umekauka kidogo. Aliendelea hadi mwisho bila kusimama tena. Aliandika tamaa, aliandika haraka, aliandika naomba radhi. Chini aliandika jina lake kamili, ambalo mtaani wengi hawakulijua. Aliinuka, akaenda karakana, wala kerezo halikusikika.

Mkewe aliisoma barua mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Bahasha iliyokuwepo ilikuwa ya siku nyingi, gundi yake imekwisha nguvu. Akalowesha donge la unga kwa mate, akalipitisha ukingoni kwa kidole, akaikandamiza juu ya meza kwa viganja vyote viwili, akiegemeza uzito wake wote, hadi alipoona hewa imetoka.

Asubuhi binti alikuwa tayari, viatu vimepigwa rangi, kitambulisho cha kazi shingoni. Kutoka karakana hapakuwa na sauti. Mama alimfuata hadi mlangoni, akampa chakula chake cha mchana, kisha akampa bahasha.

Binti aliipokea. Alijua yaliyomo, alijua na mlango ambao ingepitia na meza ambayo ingefikia. Akafungua mkoba, akajaribu kuitia kando ya chakula. Haikuenea.

"Usiikunje," mama alisema.